Injini ya Subaru yenye tabo: namna ya kuifanya idumu, hatua kwa hatua

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko wowote huwa hivi: "Kaka, Forester yangu imegonga tena." Siyo ajali; ni mlio wa beringi zilizosagika ndani ya injini. Kinachoniuma ni hilo neno "tena". Injini ilishafunguliwa, beringi zikawekwa mpya, mtu akatoa pesa ya kiwanja, na baada ya miezi minne iko palepale gerejini, juu ya tairi bovu, imefunikwa kwa turubai.

Ukimuuliza mwenyewe maswali mawili matatu unakuta fundi alibadilisha kilichovunjika. Kilichokivunja hakikuguswa.

Mwongozo huu ni wa injini za Subaru za EJ20 na EJ25 zenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kushindilia hewa kwenye injini: Impreza WRX na STI, Forester XT za SG5 na SH5, Legacy GT. Kama una injini nyingine ya tabo, mpangilio wa hatua utakufaa, ila namba tafuta za kwako. Na usiruke hatua. Kuongeza nguvu nimekuweka mwishoni makusudi, maana wengi huanzia huko.

## Vitu vya kuwa navyo

Tafuta hivi kabla hujafungua boneti:

- Geji ya kompresheni ya kufunga kwa nyuzi, siyo ile ya kubonyeza kwa mkono.
- Geji ya presha ya oili, ya mshale.
- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Hedi za injini hii ni za aluminiamu, na plagi iliyokazwa kwa hasira hutoka na nyuzi zake.
- Kebo ya kuunganisha kompyuta ya gari na laptopu, aina ya Tactrix, pamoja na programu ya RomRaider ambayo ni ya bure. Skana ndogo za bei rahisi husoma joto na taa ya injini, lakini hazifiki kwenye kumbukumbu ya kugonga (petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda) tutakayoihitaji.
- Geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta, kama una mpango wa kuongeza busti (presha ya hewa inayoshindiliwa na tabo). Bila hiyo, mpango huo uahirishe.
- Oili ya sintetiki lita 5, filta halisi, washa mpya za shaba.
- Kulanti, maji yaliyosafishwa, themostati halisi (valvu inayozuia maji hadi injini ipate moto) na kofia mpya ya rejeta.
- Plagi nne za iridiamu.
- Daftari. Sitanii.

## Hatua ya 1: Pima kabla hujanunua kitu kingine

Hakuna oili wala plagi itakayoponya pistoni iliyokwisha kupasuka. Anza kwa kujua unachokitunza ni kizima au ni marehemu anayetembea.

Kompresheni, yaani presha ya silinda inapobana hewa. Injini ipate moto, kisha uizime na uiache hadi uweze kuigusa. Plagi za Subaru zimelala ubavuni, kwa hiyo upande wa kushoto ondoa betri na tangi la maji ya vioo, upande wa kulia ondoa boksi la filta ya hewa. Betri iweke chini na uiunganishe kwa waya. Toa plagi zote nne, chomoa koili, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta. Mwenzako akanyage mafuta mpaka chini na apige staata hadi mshale wa geji ukome kupanda.

Injini nzima husoma psi 140 hadi 170. Muhimu zaidi ni silinda zikaribiane. Kiwandani wanakubali pengo la psi 7 hivi. Ukiwa Nairobi au Arusha mshale utasimama chini ya hapo kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi, basi huko tazama ulingano.

Silinda ya 4, ile ya nyuma upande wa abiria, iangalie mara mbili. Ikiwa tatu zinasoma 150 na hiyo inasoma 110, kuna uwezekano mkubwa kuwa ukingo unaoshika ringi za pistoni umevunjika. Hapo simama. Pesa uliyotenga kwa ajili ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) ihamishie kwenye pistoni.

Presha ya oili. Swichi yake iko chini ya altaneta. Itoe, funga geji ya mshale mahali pake, endesha injini hadi oili ipate moto kamili. Ikiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyagwa), isishuke chini ya bar 1. Ikiwa mizunguko 5,000 kwa dakika, isipungue bar 3. Usitegemee taa nyekundu ya dashibodi, kwani huwaka presha ikiwa imeshakaribia sifuri na beringi zimeshaliwa.

Mapovu. Fungua kopo la akiba la kulanti injini ikiwa moto (kopo tu, siyo kofia ya rejeta wala ya tangi la juu). Mwenzako apandishe mizunguko polepole. Povu moja moja mwanzoni si neno. Mapovu yanayokuja mfululizo kama sufuria ya ugali ni gesi ya silinda inayopenya gasketi ya hedi.

Ukifaulu hapa utakuwa na namba sita kwenye daftari: silinda nne na presha mbili. Zihifadhi. Mwaka kesho utazilinganisha nazo.

## Hatua ya 2: Oili

Injini yangu ya kwanza niliiua mwenyewe, na niliiua kwa oili nzuri. Nilikuwa nimeweka sintetiki ya bei mbaya, nikamwaga kwa wakati, nikajiona mtunzaji. Nilichokuwa sifanyi ni kuchomoa kijiti cha kupimia oili kuangalia. Nikitokea Morogoro, karibu na Chalinze, nikasikia kitu kama mtu anayegonga bomba kwa kijiko, tena kinakimbia kadiri ninavyokanyaga. Tulipofungua sampo, lile beseni la oili chini ya injini, oili iliyobaki haikufika lita 2, na ndani yake mlikuwa na vumbi la shaba linalometameta kama yale mapambo ya kucha za bibi harusi. Hiyo ndiyo beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, mhimili mkuu wa injini), imesagika.

Injini hizi hula oili kidogo zikiwa nzima, na hula zaidi ukizikimbiza. Sampo lake ni pana na halina kina, hivyo kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na mdomo wa kunyonyea ukavuta hewa. Sekunde mbili za hewa kwenye mizunguko 6,000 zinatosha.

Fanya hivi. Angalia oili kila unapojaza mafuta, au kila Jumamosi asubuhi gari likiwa limelala mahali tambarare. Kijiti cha EJ ni mjanja: upande mmoja hukuonyesha oili juu, mwingine chini. Amini ulio chini. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1, hivyo unajua utaongeza kiasi gani. Weka karibu na alama ya juu, usizidishe. Oili iliyopita kiasi hupigwa na kranki ikawa povu, na povu halilainishi kitu.

Uzito gani? Kwa joto la Dar, Mombasa au Zanzibar, na injini yenye kilomita zaidi ya laki moja, mimi hutumia 5W-40 sintetiki. 10W-40 pia ni sawa. 5W-30 imo kwenye vitabu vingi vya Kijapani, lakini vitabu hivyo viliandikiwa gari jipya na hali ya hewa ya kwao. Kubishana kuhusu chapa ni kupoteza jioni; usiponunua feki, tofauti itakuwa ndogo kuliko tofauti ya kubadilisha kwa kilomita 5,000 na kwa 10,000. Badilisha kwa 5,000. Gari la kukimbizwa, 4,000.

Chujio lililofichika. Hapa ndipo mafundi wengi hupapita. Bomba dogo linalopeleka oili kwenye tabo limefungwa kwa boliti yenye tundu, nyuma ya hedi ya kulia, na kwenye modeli nyingi ndani ya boliti hiyo mna kichujio cha wavu kidogo kama ncha ya kidole. Oili ikichelewa kubadilishwa, wavu huziba kwa masizi. Tabo, ambayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando wa oili, inakosa oili. Inakufa, vipande vyake vya chuma vinaingia kwenye oili, vinaenda kula beringi. Mwenye gari ananunua tabo nyingine, anaifunga kwenye bomba lilelile lililoziba, nayo inakufa.

Fungua boliti, toa kichujio, kisafishe au uweke kipya. Mimi cha kwenye tabo nilikiondoa kabisa kwa kuwa oili naibadilisha mapema. Vya kwenye mfumo wa kugeuza majira ya valvu niliviacha. Unaporudisha, washa za shaba ziwe mpya. Za zamani huvuja juu ya ekzosi yenye moto, na hilo ni balaa lingine.

Utajua umefaulu ukitembea kilomita 1,000 na oili kwenye kijiti ikashuka kwa kiasi kisichofika robo ya nafasi kati ya alama mbili, na oili ya zamani inapomwagika kwenye beseni haimeti ukiimulika kwa tochi. Ikinuka petroli, soma hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Kupooza

Mazungumzo haya nimeyasikia zaidi ya mara kumi:

"Fundi, themostati iko wapi?"

"Bosi, themostati ya nini na joto letu hili? Hiyo ni ya nchi za baridi. Nimetoa ili maji yatembee."

Fundi hana nia mbaya. Lakini themostati ya EJ huanza kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80 ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na ikae hapo. Ukiitoa, kwenye mwendo wa barabara kuu injini haifiki. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inazidisha mafuta, petroli inaosha kuta za silinda na kushuka kwenye sampo. Ndiyo ile harufu niliyoitaja. Oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi kama maji, na tumerudi kwenye beringi.

Kama gari lilikuwa linachemsha hadi fundi akatoa themostati, basi kilichokuwa kinachemsha bado kipo: rejeta imeziba, feni moja imekufa, kofia imechoka au gasketi ya hedi inavujisha. Tafuta hicho.

Fanya hivi. Rudisha themostati, iwe halisi. Mwaga maji yote ya kutu, suuza hadi yatoke meupe. Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Yale yanayouzwa kama maji ya betri yanafaa, ila soma chupa vizuri: maji, siyo asidi. Maji ya bomba yana chumvi, na ya kisima cha pwani ndiyo usiseme. Huacha magadi ndani ya rejeta kama ndani ya birika.

Kofia ni kifaa, siyo kifuniko. Ikishika presha ya bar 1 hivi, maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu 120. Kofia iliyolegea inakunyang'anya nyuzi zote hizo. Na Subaru za tabo nyingi zina kofia mbili, moja kwenye rejeta na nyingine kwenye tangi dogo la juu karibu na tabo. Hazifanani kazi. Usizibadilishane.

Kutoa hewa. Tangi lile dogo ndilo sehemu ya juu kabisa ya mfumo, kwa hiyo jazia hapo, siyo kwenye rejeta. Fungua kizibo kidogo cha kutolea hewa juu ya rejeta. Mimina polepole, ukiminya hozi kwa mkono, hadi kulanti itoke kizibo hicho bila mapovu. Kifunge. Washa gari, weka hita kwenye moto wa mwisho, ndiyo, hata kama uko Tanga mwezi wa pili. Shikilia mizunguko 2,000 hivi kwa dakika chache, ongeza kadiri inavyoshuka, ngoja feni ziwake na kuzima mara mbili. Acha gari lilale, asubuhi ongeza tena.

Onyo. Mshale wa joto wa dashibodi umetengenezwa ukutulize. Hukaa katikati joto likiwa 80 na hukaa hapohapo likipanda karibu na mia. Ukianza kusogea, umechelewa. Soma joto kwa skana: kwenye safari ya kawaida utaona 85 hadi 98. Likipita 105, punguza mwendo, zima kiyoyozi, washa hita.

Utajua umefaulu hita ikitoa hewa ya moto mfululizo na husikii maji yakibubujika nyuma ya dashibodi. Ule mlio wa kijito ni hewa. Ukirudi kila wiki baada ya kuutoa, rudi kwenye mapovu ya hatua ya 1.

## Hatua ya 4: Taimingi belti

Hii ni fupi. Belti hii ndiyo inayooanisha mwendo wa valvu na pistoni, na hubadilishwa kwa kilomita 100,000. Ikikatika, valvu na pistoni hukutana. Umenunua gari la mtumba na karatasi ya kubadilisha belti haipo? Badilisha sasa, pamoja na tenshena (kikaza belti), rola zote na pampu ya maji. Rola iliyokwama hukata belti mpya sawasawa na ya zamani. Usikubali "belti bado inaonekana nzuri".

## Hatua ya 5: Njia ya hewa

Kompyuta ya gari hili hupima hewa kwa sensa iliyo karibu na boksi la filta. Mafuta hunyunyizwa kulingana na hewa iliyopita pale. Kwa hiyo tundu lolote baada ya sensa ni uongo unaoambiwa kompyuta. Tundu likiwa kati ya sensa na tabo, injini inavuta hewa isiyohesabiwa na mchanganyiko unakosa mafuta. Likiwa baada ya tabo, hewa iliyohesabiwa inatoroka, mafuta yanazidi, moshi mweusi unatoka.

Kupima huku kunahitaji fundi pancha tu. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki kinachoingia kwenye mpira wa kuingilia hewa, kitoboe, kifunge valvu ya tairi, kikaze kwa klipu. Jaza upepo wa psi 10, usizidi 15. Kisha nyunyiza maji ya sabuni, kama pale anapotafuta pancha. Kagua zaidi mpira mkubwa uliojificha chini ya manifoldi kuelekea kwenye tabo, maungio ya intakula, na vile vimipira vyembamba vilivyokauka kama makaroni.

Filta ya hewa iwe ya karatasi, ndani ya boksi lake. Zile za wazi za kupaka oili huleta sauti tamu, huvuta hewa ya moto ya injini, na oili yake huchafua sensa. Barabara ya vumbi, ikung'ute kila wiki mbili na uibadilishe kabla ya 10,000.

Sasa ile "pshhh". Najua. Hata mimi niliwahi kuwa nayo. Valvu inayotoa upepo nje inatupa hewa ambayo sensa ilishaihesabu, na kila unapobadilisha gia injini inapata mafuta ya hewa ambayo haipo. Haiui injini kwa siku moja. Huchafua plagi na kuosha silinda kidogo kidogo. Rudisha ile ya kiwandani inayorejesha upepo ndani.

## Hatua ya 6: Plagi na petroli

Plagi: iridiamu, mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8. Kwenye plagi za NGK namba ikipanda ndivyo plagi inavyokuwa ya baridi zaidi; gari la kawaida libaki na ya kiwandani, lililoongezwa busti lipande hatua moja. Kaza kwa spana ya toki, injini ikiwa baridi. Za zamani usizitupe kabla hujazitazama. Vitone vidogo vinavyong'aa juu ya kaure nyeupe ni aluminiamu ya pistoni. Silinda hiyo imekuwa ikigonga.

Petroli ndiyo habari nzito. Gari la soko la Japani liliandikiwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kiwango chake cha oktani hakipungui 96, na kwa kawaida hufika 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya sheli zetu haifiki hapo. Oktani ndogo maana yake sehemu ya mafuta hulipuka yenyewe chini ya shinikizo kabla moto wa cheche haujaifikia, na mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo. Huko ndiko kugonga, na ndiko kunakovunja kingo za ringi.

Basi jaza daraja la juu linalopatikana, kwenye sheli yenye mauzo makubwa ambako mafuta hayalali. Usiendeshe chini ya robo tangi. Dawa za chupa za "kuongeza oktani" zisikudanganye kwamba sasa unaweza kupandisha busti.

## Hatua ya 7: Sikiliza kompyuta

Kompyuta ya Subaru ina sikio, sensa iliyofungwa kwenye bloku. Inaposikia kugonga hurudisha nyuma wakati wa cheche, na hukumbuka. Unganisha kebo, fungua RomRaider, tafuta namba inayoitwa IAM. Kwenye kompyuta za zamani inatakiwa iwe 16, kwenye za baadaye 1. Chini ya hapo kompyuta inakwambia: mafuta haya siyaamini.

Isome baada ya kuendesha kilomita mia hivi tangu betri ichomolewe, kwani ikichomolewa kumbukumbu hufutika. Hii ndiyo hila ya wauzaji wengine: betri imechomolewa asubuhi, gari linaonekana halina kosa.

Namba ikishuka, usianze kwa kubadilisha programu. Rudi kwenye uvujaji wa hewa, plagi, petroli, pampu ya mafuta. Mara nyingi utaikuta huko.

Kama bado unataka nguvu, na hatua zote za juu zimepita, mpangilio uwe huu: programu ya kompyuta kwanza, ikiandikwa kwa petroli unayojaza kila siku, geji ya mchanganyiko ikiwa imefungwa. Busti ikiwa kamili, geji isome karibu 11 hadi 11.5, yaani sehemu hizo za hewa kwa moja ya mafuta. Ikipita 12 inua mguu mara moja.

Usiondoe lile chujio la ekzosi lenye masega ndani ukaacha programu ileile. Ekzosi ikiwa wazi, kijilango cha kupunguzia presha hushindwa kumwaga gesi yote, na busti hujipandia yenyewe. Wala usikubali fundi "akubane kimpira kidogo" cha kijilango hicho. Hakuna aliyeiambia kompyuta.

Jambo la mwinuko. Hili limeua injini nyingi na halisemwi. Geji ya busti husoma presha inayozidi ya hewa ya nje. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ya nje ni kama bar 0.82. Gari lililorekebishwa huko kwa kidhibiti cha mkono, busti bar 1, linaingiza jumla bar 1.82. Wikendi mwenyewe anashuka Mombasa. Hewa ya nje sasa ni bar 1.01. Geji bado inasoma 1, dereva anatabasamu, lakini jumla ni 2.01, zaidi ya asilimia 10 juu, na hewa inayoingia ina nyuzi 32. Plagi, petroli na programu ni zilezile. Inagonga Mariakani, inakufa Mtwapa, na lawama anapata fundi wa Mombasa aliyefungua boneti mwisho.

Kwa hiyo gari la kupanda na kushuka lirekebishwe pwani, kwenye joto. Likipanda Arusha au Nairobi litakuwa zito kidogo, basi.

## Hatua ya 8: Mguu wako

Asubuhi usiite busti hadi dakika kumi na tano zipite. Mshale wa maji hufika katikati mapema. Oili iko nyuma yake.

Ukitoka kukimbiza, kilomita 2 au 3 za mwisho nenda polepole. Ni bora kuliko kukaa getini injini ikiunguruma. Tabo yenye moto wa ekzosi ikizimwa ghafla, oili iliyobaki ndani yake hukaangika ikawa makaa, na makaa hayo huziba njia za oili za tabo.

Kosa ambalo watu hawalijui: gia ya tano, mizunguko 2,000, mlima, mguu chini. Unapanda Kitonga nyuma ya lori, upenyo unatokea, unakanyaga bila kushusha gia. Injini inabeba mzigo wote polepole, kila mlipuko una muda mrefu wa kukosea. Shusha hadi ya tatu, ndipo ukanyage. Mizunguko 4,000 inaiumiza kidogo kuliko 2,000 hiyo.

Na milio ya "pa-pa-pa" kwenye ekzosi pale kwenye taa, ni mafuta yanawakia nje ya silinda, karibu na valvu na tabo. Harusini inachekesha.

## Injini ikianza mlio wa kugonga barabarani

Zima. Usisogeze "hadi pale sheli", usiiwashe tena ili fundi aisikie kwa simu. Rekodi kwa sekunde tano kama umewahi, vinginevyo mweleze kwa maneno.

Vuta kijiti. Ikiwa oili imeshuka na mlio ulikuwa mwepesi, wa juu, tena injini ikiwa baridi, huenda ni pistoni inayocheza. Jaza, washa mara moja, sikiliza. Ikiwa mlio ulikuwa mzito na uliongezeka ulipoachia mafuta kwenye 3,000, usijaribu. Ita gari la kuvuta.

Gharama ya kuvutwa kutoka Chalinze hadi Dar niliiona kubwa siku ile, nikaendesha kilomita nyingine 12. Beringi moja iliyohitaji kubadilishwa ikawa kranki, konrodi, bloku na pampu ya oili. Na injini ikifunguliwa baada ya hapo, mwambie fundi mapema kwamba kipoza oili na mabomba yake hayasafishiki: hivyo viwe vipya, na tabo ifunguliwe ikaguliwe, kwa sababu ile shaba inayometa imeshafika huko.